Sentensi Niliyommalizia

Nina tabia ya kuwamalizia watu maneno. Mtu akianza kunieleza jambo, nikishaona linakoelekea, namtangulia na kulifikisha mwenyewe. Mume wangu anafundisha Kakamega, na miaka yote niliyofanya kazi mbali naye tulikuwa tukizungumza kwa simu kila jioni. Nilipomkatiza alikuwa akisema, "Haya, endelea. Wewe ndiye unayejua nilichotaka kusema." Nilikuwa nikicheka. Niliona ni wepesi wa akili, na siri yangu ni kwamba nilijivunia.

Nilikwenda Lodwar kufanya kazi katika shirika dogo linalowahudumia watu wenye ulemavu. Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Mtu ambaye mikono yake haimtii nilimtafutia njia nyingine ya kuitumia: mmoja kamera inayofuata kichwa chake kinapogeuka, mwingine sauti, mwingine swichi moja tu ya kubonyeza kwa sehemu yoyote ya mwili anayoweza kuitegemea. Nusu ya juma nilikaa ofisini, chini ya feni iliyosukuma joto kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Nusu nyingine nilikuwa Kakuma, kambini.

Dereva wetu alikuwa Mturkana wa makamo, na ndiye aliyejaribu kunifundisha kusalimia. Nilisema "ejok" kama alivyonielekeza, akaniitikia, halafu akangoja, maana kwake salamu ilikuwa ndiyo imeanza. Kulikuwa na habari za watoto, za mbuzi, za mvua ya kule nilikotoka. Mimi nilikuwa nimeshafungua faili. Siku moja aliniambia bila kugeuza kichwa, "Mwalimu, wewe unasalimia kama mtu ndege inamwacha Lokichoggio."

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa na miaka ishirini na sita nilipokutana naye. Alizaliwa na mtindio wa ubongo huko Sudan Kusini, akavuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Mama alifia kambini. Tangu hapo alilelewa na dada yake, mwanamke mrefu, mkimya, fundi wa cherehani aliyeshona sare za shule mbele ya nyumba yao ya matofali ya udongo. Mikono ya kaka yake ilikwenda ilikotaka yenyewe. Maneno yalimtoka kama mvumo ambao dada peke yake aliuelewa, na hata yeye si wote. Kwa ndiyo aliinua macho juu. Kwa hapana aliyafumba.

Siku ya kwanza nilisimama mbele yake nikamwuliza dada, "Anaelewa Kiswahili?"

Dada alikuwa akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Alimaliza kwanza. "Muulize yeye," akasema. "Kichwa ni yake."

Nikamwinamia nikamwuliza, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Akacheka, kicheko kilichomtikisa mwili mzima mpaka kiti kikalia.

"Masikio haina shida," dada akasema.

Kumbe alikuwa anajua kusoma. Dada alipokuwa shuleni pale kambini, jioni alimkalisha kando yake akamsomea masomo yote huku akifuata mistari kwa kidole. Dada akaacha shule na kushika cherehani. Yeye hakuacha. Alisoma magunia, mabango, karatasi za kufungia sukari, nembo zote za sare zilizopita pale nyumbani. Hakuwahi kuandika hata herufi moja.

Swichi yake niliiunda mwenyewe, kwa sababu ile tuliyoagiza ilikwama njiani. Nilipasua kipanya kibovu, nikachomelea waya mbili mahali pa kubonyezea, nikazifikisha kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia kilichofunikwa kwa sponji. Goti lake la kulia liliweza kusukuma kwenda nje akitaka, kwa hiyo nilikifunga kifuniko kile upande wa kulia wa kiti chake cha magurudumu. Kwenye skrini herufi zilijipanga safu kwa safu. Mwanga ulipita safu moja baada ya nyingine; ulipofika kwenye safu aliyoitaka alibonyeza, kisha mwanga ukapita herufi moja moja, akabonyeza tena. Herufi moja ilimchukua karibu nusu dakika. Akimaliza sentensi, kompyuta iliisoma kwa sauti, sauti ya mgeni aliyejifunza Kiswahili jana yake.

Neno lake la kwanza lilianza kwa P. Ikaja O. Ikaja L, ikaja E. Nikaguswa sana. Nilidhani ananionea huruma kwa jua nililosafiri nalo.

"Asante, kaka," nikasema. "Nimeshapoa."

Akafumba macho, akayafungua, akaendelea. POLEPOLE. Alikuwa ananiambia mwanga unakwenda mbio mno, niupunguze.

Tulicheka wote watatu. Siku ile sikuona kitu ndani yake zaidi ya kichekesho.

Baada ya hapo alianza kutoka, kama mtu anayefungua milango ya nyumba mmoja baada ya mwingine. Kumbe alikuwa na kichwa kinachohifadhi vipimo vya kila mteja wa dada yake, na alianza kumsahihisha. Alibishana na jirani kuhusu mpira. Kulikuwa na mhubiri aliyekuja kumwombea na ambaye, katika kuomba, alikuwa akimshika kichwa na kukigeuza kwa nguvu. Akamwandikia: SHINGO SI MLANGO. Mhubiri alisoma, akaondoa mikono, na tangu hapo akawa anaomba akiwa amekaa. Alimwita dada yake BOSI. Mimi aliniita MWALIMU, nami nilifurahi, kwa sababu nilidhani nimemfundisha.

Kiti kile cha magurudumu kilikuwa kimetolewa na wafadhili, kabla mimi sijafika. Vilikuja vingi, vyote kipimo kimoja. Yeye alikuwa mwembamba na mgongo wake umepinda, na kiti kilikuwa kipana, kwa hiyo aliteleza upande wa kulia mpaka nyonga yake ikakutana na chuma. Kabla ya hapo alikuwa na kiti cha mbao kilichochongwa na seremala wa pale kambini. Dada alikuwa amekigawa kwa familia nyingine, maana waliambiwa kipya ni bora.

Siku moja aliandika, UPANDE UNAUMA. Nilikuwa ninafunga mizigo, gari linanguruma nje. Nikamwambia nitalipeleka ofisini, na nilikuwa nakusudia. Lakini juma lile tulikuwa tunaandaa taarifa ya wafadhili hao hao, walikuwa wanakuja kututembelea, na mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni. Kuandika kwamba kiti chao kinamuumiza mtu wetu wa mfano nikaona si wakati wake. Nikasema nitaandika wakishaondoka.

Mkubwa wetu wa ofisi aliniita. "Wageni wanataka kuona mtu akiongea," akasema. "Wasikae sana. Jua la Kakuma wanalijua kwa picha tu."

Walikuja wanne, mmoja na kamera. Dada alikuwa amefagia mpaka ardhi ikabaki na michirizi ya ufagio, akamvalisha kaka yake shati jeupe alilomshonea. Mimi nilikaa kando ya meza nikiwa na faili mapajani, na chini ya faili kulikuwa na simu yangu. Simu ile ilikuwa imeunganishwa na kompyuta yake. Nilikuwa nikiitumia kurekebisha mambo bila kumsogeza. Nikisema kwamba niliiweka pale kwa ajili ya dharura tu, nadhani nitakuwa nimesema ukweli. Sina hakika.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye kofia pana, alipiga magoti mbele yake, akauliza kwa upole, nami nikatafsiri: tangu apate kiti na kompyuta, maisha yake yamebadilikaje?

Akainua macho. Goti likaanza kazi.

K. I. T. I.

Tulingoja. Nzi mmoja alitembea kwenye skrini. Mwenye kamera aliishusha, akaipandisha. Mkubwa wangu alinitazama. Ikaja nafasi, ikaja K nyingine, I, N, A. Zilikuwa zimepita zaidi ya dakika nne. Mgeni mmoja alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akatazama saa.

KITI KINA.

Mtu mwingine angeweza kudhani lolote. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma UPANDE UNAUMA kwa macho yangu. Nilikuwa nimemwona dada akikunja khanga mara nne na kuipenyeza kati ya nyonga na chuma. Nilijua sentensi ile inakwenda wapi, nikajua itafika mbele ya nani, na kidole changu kikaingia chini ya faili.

Nikaimalizia. KITI KINANISAIDIA SANA. ASANTENI. SASA NINAWEZA KUONGEA.

Sauti ya kompyuta ikaisoma yote kwa mpigo. Nikatafsiri. Wakapiga makofi, na mwanamke mwenye kofia akafuta macho kwa kiganja. Nakumbuka kwamba hata mimi nilipiga makofi.

Yeye alitazama skrini, akaisoma mpaka mwisho; niliona macho yake yakitembea. Kisha akanitazama mimi. Kisha akayafumba macho, na hakuyafungua. Hiyo ndiyo ilikuwa hapana yake, na mle ndani tuliojua tulikuwa wawili tu, dada yake na mimi. Wageni walidhani ameguswa moyo. Mwenye kamera alimpiga picha hivyo hivyo, macho yamefumbwa, sentensi yangu ikiwaka nyuma ya bega lake.

Dada alikuwa ameketi kwenye cherehani. Kutoka pale alipokaa aliliona goti, na goti halikuwa limesogea.

Aliwapa wageni chai, akawashukuru. Nilipokuwa nakunja waya alikuja akasimama karibu nami.

"Mwalimu," akasema, "hii maneno ya mwisho ilitoka haraka."

"Leo amefanya vizuri sana," nikamjibu.

"Sawa," akasema, akaenda kukusanya vikombe.

Ningependa kuandika kwamba sikulala. Nililala vizuri. Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu Lodwar, wakati wa ushuhuda ulipofika, nilisimama. Nilisimulia habari za kijana asiyeweza kuongea ambaye sasa anaongea, na nikayataja maneno yale kama yake. Nilipofika kwenye "sasa ninaweza kuongea" sauti yangu ilikatika, na halikuwa igizo, nilikuwa nimeshajiaminisha. Kina mama waliitikia amina, na mmoja alinikumbatia mlangoni.

Juma la pili picha ikaja kwa barua pepe. Mkubwa aliichapisha kubwa, akaitundika ukutani kwenye lango la ofisi, na maneno yangu yakiwa chini ya uso wake. Kila asubuhi nilipita hapo.

Nilipokwenda tena Kakuma, alikataa kubonyeza. Niliwasha, mwanga ukapita safu zote, ukarudi mwanzo, ukapita tena. Goti halikusogea.

"Tangu lini?" nikamwuliza dada.

"Tangu wageni."

"Huenda swichi imeharibika." Nikatoa bisibisi, nikaifungua mbele yake, nikapuliza vumbi, nikapima waya. Swichi ilikuwa nzima. Nikaifunga polepole, nikijua ananitazama nikijifanya fundi. Katika taarifa ya safari niliandika: swichi ina hitilafu, inahitaji kubadilishwa. Taarifa ile bado ipo kwenye faili.

Baadaye nilipelekwa Eldoret kwa mafunzo ya majuma matatu. Nilikuwa huko dada aliponipigia simu. Hakuwa na kawaida ya kunipigia.

"Kidonda imeingia ndani," akasema. "Ana homa. Wametuleta Lodwar, hospitali."

"Kidonda gani?"

Nilisikia vyombo vikigongana kwenye wodi. "Ya kiti," akasema. "Mimi nilikuwa naosha na maji ya chumvi. Nilifikiri itakauka. Niliogopa kusema, wakisema tumeharibu kiti yao."

Mafunzo yalipokwisha nilikwenda wodini moja kwa moja na mzigo wangu mgongoni. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kushoto, amekonda, macho yameingia ndani. Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji, na hakuniambia nitoke. Nilikiona. Kilikuwa kwenye nyonga ya kulia, mahali pale pale penye chuma.

"Alikuwa anaegemea upande huu muda mrefu sana," muuguzi akasema, akiendelea na kazi yake. "Saa nyingi kila siku. Kulikuwa na nini huku?"

Dada akanitazama. Hapo ndipo nilipong'amua. Kiti kilikuwa kinamtelezesha kulia, ndiyo, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeweka swichi kulia. Ili aongee ilimbidi aegemee pale pale palipokuwa pakimchubua. Kila herufi aliyowahi kuniandikia aliiandika hivyo.

"Swichi yangu," nikasema.

Muuguzi alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la kawaida, akakata plasta.

Homa iliposhuka nilimletea kompyuta. Nilikuwa nimefikiria sana pa kuweka swichi, kisha nikaacha kufikiria nikamwuliza yeye. Nilimgusa sehemu moja moja, yeye akainua au kufumba macho. Tukakubaliana shavu la kushoto, kwenye mto, ambapo kichwa kingesukuma kidogo tu. Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi njiani kote, nikafungua mdomo.

Akafumba macho. Nikaufunga.

Mwanga ukaanza kupita. ULIONA.

Sikusubiri swali zaidi. "Niliona," nikasema. "Nilijua unachotaka kuandika. Niliandika mimi kwa simu."

Dada hakushtuka. Alishika ncha ya shuka, akainyoosha.

Akaanza tena. K. I. T. I. Nikaelewa anachofanya. Alikuwa anaiandika sentensi yake upya, kuanzia mwanzo, ingawa sote watatu tuliijua. Na shavu lilikuwa jipya kwenye kazi ile, likikosea, likirudi. Alipofika KINA alipumzika. Chakula kikaja, dada akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akampangusa mdomo, akamgeuza kidogo. Herufi zile ziliendelea kukaa kwenye skrini. Nilikaa nazo. Sidhani kama nimewahi kukaa na neno la mtu mwingine kwa muda mrefu hivyo bila kuligusa. Mdomo wangu ulikuwa unawasha. Kisha akarudi kazini.

KITI KINANIUMIZA.

Kompyuta ikasoma kwa ile sauti yake ya kigeni, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Akaongeza neno moja: WAAMBIE.

Mkubwa wangu alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kalamu. "Kuna mtu amelalamika?" akauliza.

"Yeye."

"Rasmi?"

"Ameandika."

Aliitazama picha kupitia mlango uliokuwa wazi. "Wale watu wamekwisha kuiweka kwenye vitabu vyao," akasema. "Sasa unataka niwaambie nini? Kwamba tuliwadanganya?"

"Mimi niliwadanganya. Waambie hivyo."

Akasema tungoje kwanza, apone, halafu tutaona. Nilijua maneno yale, yalikuwa yangu. Nikarudi mezani nikamwandikia yule mwanamke wa kofia mwenyewe, nikaeleza yote, la kiti, la swichi, la simu chini ya faili. Mkono wangu ulikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaenda langoni nikaitoa picha ukutani. Nilipewa barua ya onyo, na mkataba wangu ukafanywa wa miezi mitatu mitatu. Sikuona uonevu wowote ndani yake.

Kanisani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nilisimama tena wakati wa ushuhuda, nikasema kwamba ule niliotoa haukuwa kweli, kwamba yule kijana hakusema maneno yale, mimi ndiye niliyeyasema, na kwamba alikuwa amelazwa umbali mfupi kutoka pale kwa sababu ya uongo huo. Hakuna aliyeitikia. Kiongozi wa ibada akatangaza wimbo haraka. Mlangoni mama aliyenikumbatia mara ya kwanza alinishika mkono. "Hata hivyo," akasema, "ule wa kwanza ulitubariki." Nilitembea hadi nyumbani na maneno hayo, na uso wangu uliungua kuliko kama angenitukana.

Alitoka hospitalini baada ya wiki nyingi. Kile kiti cha mbao hakikuweza kurudi. Mtoto aliyepewa alikuwa anakihitaji. Dada alimleta seremala mwingine, Mkongomani mwenye kibanda sokoni, ambaye alizunguka kile kiti cha chuma mara mbili na kutikisa kichwa. "Mulipima kiti," akatuambia. "Mutu hamukumupima." Alimpima yeye, kwa kamba, akimwuliza kila hatua na kungoja macho. Alitia mbao mbili kukipunguza upana. Dada alishona mito mitatu ya sponji, akaitoa, akaishona upya mara mbili kwa amri za skrini. Swichi ilibaki upande wa kushoto wa kichwa, kwenye tawi la chuma.

Siku ya kwanza niliporudi kukaa naye, nilivuta kiti changu mahali pangu pa zamani, kando ya meza. Hakuandika salamu. Aliandika MIKONO.

Nikaitazama mikono yake, kama kuna kitu kimebana. Nikataka kuuliza, nikajizuia, nikangoja.

MIKONO MEZANI, akaandika. Halafu: SIMU PIA.

Nikaweka simu mezani, kioo juu, na viganja vyangu viwili kando yake. Dada aliinama kwenye cherehani yake akashona mshono mrefu. Tangu siku hiyo hukaa hivyo ninapokwenda. Mwanzoni nilisikia aibu kila mtu alipopita mlangoni akaniona nimekaa kama mtoto anayesubiri kukaguliwa kucha. Sasa naisikia bado, lakini nakaa.

Baada ya miezi kadhaa nilimwuliza kama amenisamehe. Nilichagua siku njema. Timu aliyoishabikia ilikuwa imeshinda. Aliinua macho kama anayefikiri, kisha akaandika: BADO. Hakuwa na hasira usoni. Alisema tu jinsi ilivyo, halafu akamgeukia dada na kumwandikia kwamba sketi ya bluu imekatwa fupi.

Yule mwanamke wa kofia alijibu barua yangu, kwa mistari michache. Hakunilaumu wala hakunifariji. Aliomba picha za kiti, na akauliza kama mwenyewe angependa kuwaandikia. Nilimpelekea swali. Aliinua macho kabla sijamaliza.

Ilimchukua siku tisa. Nilikuwepo siku mbili tu kati ya hizo, na siku zote mbili aliniomba nigeuze kiti nitazame mlangoni. Niliisikia swichi nyuma yangu, tik, kimya, tik, na cherehani ya dada ikiingilia. Sauti ya kompyuta alikuwa ameizima. Alipomaliza aliituma mwenyewe. Nilijua imekwenda kwa sababu dada alicheka na kusema "kalas," neno lao la kusema basi, imekwisha.

Sijui aliandika nini. Sikuuliza, na dada hajaniambia.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, walikuja watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakiwa na tepu za kupimia na begi la vipande vya sponji vya ugumu tofauti. Hawakupitia ofisini kwetu. Walisema wametumwa kumwona yeye na wengine waliopewa viti vile, na walikuwa na orodha. Nilisimama kuwakaribisha, nikaanza kueleza upande gani unamsumbua.

"Tungependa atuambie mwenyewe," yule mwanamke akasema.

Nikachukua simu yangu mezani, nikatoka nje, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta wa jirani mpaka waliponiita.